Kupima Tunda Kabla ya Kengele

Saa kumi alfajiri, na Reuben Holt amepiga magoti chini ya mti wake wa gusberi, ameshika unyoya wa kuku. Anafuta umande kwenye tunda moja. Ni tunda jekundu lenye vinyweleo, limefikia ukubwa wa yai la njiwa. Chini yake kuna kisahani cha maji. Wiki tatu nzima ncha ya tunda imeachwa iguse maji hayo, linywe.

"Ukilibonyeza limepasuka," anasema bila kugeuka. "Likipasuka halipimwi. Na umande ukibaki watasema nimeiba uzito."

Mkewe, Mally, amesimama mlangoni na bakuli la uji wa shayiri.

"Nilipokuwa na uchungu wa kumzaa mwanetu Hana hukupiga magoti hivyo."

"Wewe hukuwa na miiba."

"Nilikuwa nayo. Hukutazama tu."

Leo ni Jumatatu ya mashindano ya gusberi hapa kijijini Thornclough, Uingereza, na kwa mara ya kwanza matunda yatapimwa alfajiri. Sababu ni kengele. Reuben, mwenye miaka arobaini na minne, anafanya kazi katika kiwanda cha pamba bondeni. Kengele ya kwanza hulia saa kumi na moja na robo. Ya pili hulia saa kumi na moja na nusu, na hapo lango hufungwa. Kiangazi hiki amekwisha kufungiwa nje mara mbili. Anayefungiwa mara ya tatu hulipwa chake na kuambiwa asirudi.

Chama cha wakuza gusberi nacho kina kanuni yake: mwenye tunda alipeleke mwenyewe kwenye mizani. Mwaka jana mizani ilifunguliwa saa nne asubuhi, Reuben akiwa kiwandani anapaka nyuzi ujiuji wa unga ili zisikatike mtamboni. Tunda lake likaishia chunguni.

Mashindano yalianzishwa na wafumaji wa majumbani, na Jumatatu ilikuwa siku yao ya kutofanya kazi. Waliiita Jumatatu ya Mtakatifu, ingawa ukiwauliza ni mtakatifu gani, hakuna anayejua. Mtu alifuma anapotaka. Mvua ya mawe ikianza, aliacha kitanda cha kufumia akatoka mbio kufunika mti wake kwa gunia, akarudi kufuma.

Reuben aliyaona hayo akiwa mdogo. Mashine za kusokota zilikuwa zimeshaingia, nyuzi zikawa tele, na wafumaji ndio waliokuwa hawatoshi. Baba yake alipata shilingi ishirini na tano kwa siku nne za kazi. "Alivaa saa ya fedha," anasema. "Tukala nyama mpaka Jumatano." Basi kila mtu akajifunza kufuma. Kisha ikaja mitambo ya mvuke inayofuma yenyewe, na bei ya kitambaa ikashuka kila mwaka. Reuben alipokunja kitanda chake cha kufumia miaka mitatu iliyopita, alikuwa akipata shilingi tano na nusu kwa siku sita, Mally akimsaidia. Kiwandani anapata kumi na nne kwa wiki.

"Sikuenda kwa kupenda," anasema. "Nilikwenda kwa njaa. Nimepata mkate, nimepoteza mchana."

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita alisimama mbele ya wanachama wenzake kumi na saba akaomba Jumatatu ibaki Jumatatu, ila mizani ifunguliwe saa kumi na nusu alfajiri. Aliyempinga ni Mzee Enoch Tattersall, mtunza mizani, ambaye ndiye aliyemfundisha kufuma.

"We kijana," Enoch alimwambia, "kengele imeshakula wiki yako nzima. Sasa unataka ije ile na gusberi zangu?"

"Mzee, naomba muda wa saa moja tu kabla ya kengele."

"Mimi sijawahi kuamshwa na kengele ya mtu. Naamka nikiamka."

Walipiga kura. Watu wa kiwandani walikuwa kumi, wa majumbani wanane. Enoch akabeba mizani yake akaenda zake bila kuaga.

Sasa ni saa kumi na moja kasoro dakika tano, na uani kwa Mama Sagar, muuza pombe, wamesimama wanaume kumi na saba. Kila mmoja ana kijisanduku chenye ukoka, na tunda ndani. Birika la shaba la mshindi limetundikwa kwenye msumari. Mizani haipo. Mzee Enoch hajafika.

"Amefanya makusudi," anasema mmoja.

"Hana saa," Reuben anajibu. "Aliiuza."

Kengele ya kwanza inalia. Kutoka hapa hadi langoni ni mwendo wa dakika tano. Watu wawili wanaondoka, na mmoja wao anaonekana akila tunda lake njiani. Reuben anatazama njia, anatazama bomba la moshi la kiwanda. Mally anamshika kiwiko.

"Twende, mzee wangu. Birika halinunui mkate; shilingi kumi na nne ndizo zinanunua."

"Ngoja kidogo."

"Ungoje nini? Huyo amelala!"

Enoch anatokea juu ya kilima, sanduku la mizani kwapani, anatembea kama mtu anayekwenda kanisani. Hakuna anayemtukana, maana muda wa kutukana haupo. Anatundika mizani yake, ile ya kupimia dhahabu, na kuuliza, "Nani yuko karibu kufungiwa?"

Reuben anapimwa wa tatu. Tunda lina uzani wa peni ishirini na tatu na punje nne, kwa vipimo vya dhahabu. Anasikia namba hiyo akiwa tayari anakimbia. Mlinzi ameshashika komeo. Reuben anapita kiubavu, kofia ikibaki nje.

Saa mbili ni nusu saa ya kifungua kinywa. Mally amekuja langoni na uji na kofia. Pembeni yake yuko Mzee Enoch, na mkononi ana birika la shaba, linatoa mvuke.

Reuben analitazama birika. "Lako ngapi?"

"Ishirini na tatu na punje sita."

"Punje mbili!"

"Ni ule umande ulioufuta."

"Lako hukulifuta?"

"Mimi nilichelewa kuamka. Ulikuwa umekauka wenyewe."

Mally anacheka mpaka anashika ukuta. Enoch anamimina chai, anampa Reuben kwanza. Wanakunywa. Hata baada ya kikombe cha pili mzee haondoki.

"Yule anayeandika watu kazi," anasema, "hupatikana saa ngapi?"

"Nani anataka kazi?"

"Mwenye mali anayetugawia nyuzi za kufuma hajanipa wiki ya tano sasa. Kitandani mwangu anafuma buibui."

Reuben anaweka kikombe chini. "Kuna kufagia," anasema. "Shilingi sita. Yupo sasa hivi, mlango wa kijani."

Enoch anampa Mally birika. "Nishikie. Na mchana jua likiwa kali, ukayafunike matunda yangu. Gunia liko mlangoni."

"Nitakufunikia, mzee. Ila usije ukasema nimekuibia tunda."

Enoch anavua kofia, anapita langoni, anaelekea mlango wa kijani.

Reuben anasema mipango yake ni midogo. Oktoba mzee atampa kitawi cha mti wake ulioshinda, naye atakipanda ukutani, upande ambao masizi ya kiwanda hayafiki sana. Mally atafundishwa kutia maji kisahanini. Na saa ya alfajiri itaandikwa kwenye kanuni za chama.

"Na mizani?" anauliza mwenzake mmoja aliyekaa karibu, akitafuna mkate. "Mwaka ujao tukangoje tena mpaka kengele itulilie?"

Mlango wa kijani unafungwa nyuma ya mzee. Reuben anasimama, anapangusa suruali.

"Mwaka ujao mizani itawahi," anasema. "Enoch sasa ana kengele."