Ngara hadi Gatsata na Pikapu Iliyohukumiwa Kukatwa

Niliondoka Ngara kwa sababu ya Jumamosi. Kaka yangu Deo, ambaye ni mwenzangu katika umiliki wa pikapu yetu, alikuwa ameshakubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje siku hiyo na mtungi wake wa gesi, aikate vipande palepale uani. Fundi wetu wa mjini alikuwa ametoa hukumu tatu: injini imekwisha, gasketi ya silinda hedi imeungua, na chesisi imepinda. Mita inasoma kilomita laki tano na ushee, na hiyo ni baada ya mita yenyewe kulala mwaka mzima bila kuhesabu. Mimi nina kitalu cha miche ya miparachichi, na wateja wangu wako juu vilimani. Bila pikapu, kitalu kinafungwa.

"Nipe hadi Jumamosi," nilimwambia Deo. "Naipeleka Kigali."

"Maiti unaipeleka hospitali ya rufaa?"

"Ikijipeleka yenyewe, si maiti."

Tukapatana hivi: fundi wa Kigali akisema imekufa, nitasaini mwenyewe karatasi ya kuiuza.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha. Daftari niliweka kwenye kiti cha abiria, niandike kila kituko, saa yake na mahali pake. Kabla ya kufika mpakani Rusumo pikapu ilizimika mara tatu, zote kwenye mwinuko. Nguvu ilipungua kidogo kidogo, injini ikahema, ikanyamaza. Nikangoja kama robo saa, ikawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Njia nzima usukani ulivuta kushoto, na kila nilipobadili gia kitu kiligonga chini ya sakafu, ko! Yote nikayaandika.

Rusumo, saa tatu kasoro, nikavuka daraja. Afisa wa upande wa Rwanda alizunguka gari akasimama penye kifuniko cha tanki la dizeli. Mwaka jana vumbi la barabara liliingia humo, nami nikakifunika kifuniko kwa mifuko miwili ya nailoni, nikaikaza kwa utepe wa mpira wa tyubu. Kazi hiyo niliionea fahari.

"Mama, hii shashi haiingie Rwanda," alisema, akimaanisha nailoni. "Iko marufuku."

"Ni kinga ya vumbi, mwanangu."

"Vumbi ibaki kwenu."

Akaikata kwa wembe, akaitupa kwenye sanduku lililojaa mifuko ya wenzangu. Utepe wa mpira alinirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. Niliondoka nimenuna. Nikahamia mkono wa kulia wa barabara, kama wanavyoendesha Rwanda, na kurudisha saa yangu nyuma kwa saa moja.

Kutoka hapo hadi Kibungo ni kupanda. Mshale wa joto ulipanda nao, nikasimama mara mbili kuipoza injini. Ila haikuzimika. Usukani nao ulikuwa sasa unavuta kulia. Sikuelewa, niliandika tu. Baada ya Kayonza kamera za mwendokasi ziliwabana madereva wote, na mimi nikaenda sawa na magari mapya, raia mwema kuliko wote.

Kigali, saa nane mchana. Nilishuka moja kwa moja Gatsata, kwenye gereji zinazofuatana bega kwa bega karibu na Nyabugogo. Fundi wa kwanza alivaa ovaroli safi mno. Nilimweleza yote aliyosema fundi wa Ngara. Akafunua boneti, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama, moteri imekufa. Niko na ingine, imetoka Dubai."

"Hata hujaiwasha."

"Ya nini? Si umeniambia wewe mwenyewe?"

Nilifunga boneti kwa kishindo. Simu ikalia: Deo.

"Fundi amesemaje?"

"Amesema imekufa."

"Basi, mdogo wangu. Tulipatana."

"Tulipatana fundi. Huyu ni mwangwi. Amenirudishia maneno yangu."

"Asteria!"

"Jumamosi haijafika," nikakata simu.

Alhamisi asubuhi kijana mmoja wa gereji jirani alinipeleka kwa Mama Solange, mwanamke wa makamo aliyekulia katika gereji ya baba yake kule Goma na kuhamia Kigali. Wanaume wa Gatsata humletea injini za dizeli zilizowashinda, ingawa hawapendi kusema hivyo. Nilianza tena: gasketi imeungua, chesisi...

Aliinua spana kama mwalimu anayeinua fimbo. "Usiniambie ugonjwa. Uniambie gari ilifanya nini, na wapi."

Nikafungua daftari, nikamsomea kuanzia nyumbani kwangu. Hakunikatiza hadi mwisho.

"Kwenu imezimika mara tatu. Huku kwetu?"

"Haijazimika."

"Na huku iko milima kuliko kwenu. Sasa pale mpaka, ulifanya nini?"

"Nilihamia kulia."

"Na nini tena?"

"Nilirudisha saa."

"Mama, gari haivai saa. Nini tena?"

Nikamweleza habari ya nailoni. Aliupiga mlango wa pikapu kofi, akacheka hadi jirani akatoka chini ya lori kutazama.

"Kumbe ni wewe ulinyonga gari! Dizeli ikitoka kwenye tanki, hewa iingie. Hewa isipoingia, tanki inavuta nyuma. Injini inakunywa nini?"

"Sikubali. Nilifunga vizuri."

"Ndiyo shida. Ulifunga vizuri."

Nilimwambia sijatoka Ngara kuja kuamini maneno. Nimeshaambiwa maneno mengi. Nataka kuona. Hilo lilimpendeza. Nailoni haikupatikana, hivyo tulifunga kifuniko kwa kipande cha tyubu, tukakikaza kwa utepe ule ule. Akashika usukani, tukapita Kinamba na kuanza kupanda kuelekea Kacyiru, saa ile watumishi wa wizara wanawahi ofisini. Katikati ya mlima injini ikahema, nguvu ikaisha, tukasimama. Honi zikaanza nyuma yetu.

Dereva wa pikipiki alitupita akipunga mkono. "Mama, uza hiyo kitu!"

"Haiuzwi!" nilipiga kelele, hadi abiria wake akageuka.

Mama Solange alishuka bila haraka, akafungua mpira, akazungusha kifuniko. Tanki likavuta pumzi ndefu, fsssss, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Tukangoja kidogo, akawasha, tukapanda hadi juu na kuzipita wizara zote bila kukohoa. Nilitazama dirishani, tusikutane macho.

Kuhusu usukani alimaliza kwa sentensi mbili. "Kwenu inavuta kushoto, kwetu kulia. Chesisi ikipinda, haibadilishe upande mpakani." Barabara huinama pembeni ili maji ya mvua yatiririke, na bushi zangu zilizochakaa, ile mipira ya kwenye maungio ya magurudumu, ziliyaacha magurudumu yafuate huo mteremko, kila nchi upande wake.

Ikabaki gasketi, nayo ndiyo niliyoiogopa. Ikiwa kweli imeungua, injini ingefunguliwa yote, na Jumamosi ingenikuta Gatsata. Alitaka injini ilale ipoe kabisa. Ijumaa saa moja asubuhi alifungua kifuniko cha rejeta, akawasha, tukainama wote wawili juu ya maji yale.

"Povu ikitoka, ni moshi ya injini inapita kwa gasketi, fundi wako alisema kweli," alinong'ona.

Sikuwahi kuyatazama maji kwa namna ile. Yalitikisika, yakatulia. Yakaanza kupata joto. Povu halikutoka. Alizima, akaing'oa rejeta, akaiinua kwenye mwanga: matundu yake yalikuwa yamezibwa na tope, nyasi na udongo wa kitalu changu. Aliiosha kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele hadi tukaonana usoni kupitia humo.

Kisha akaingia chini kutafuta kile kilichokuwa kikigonga, na alipotoka hakuwa anacheka. Krosi ya propela shafti, kiungo cha ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imesagika; ilimwaga kutu nyekundu kiganjani mwake. "Hii, Mama, ndiyo ingekuua. Ikikatika kwenye mteremko, shafti inachimba lami, gari inapinduka." Hukumu zote tatu za Ngara zilikuwa hewa, na ugonjwa wa kweli haukuwemo kwenye orodha. Jioni krosi mpya na bushi mpya zilikuwa mahali pake.

Jumamosi alfajiri niliondoka. Sikusimama kupoza gari hata mara moja. Njiani nilikuwa na muda wa kujisema. Kwa mwaka mzima niliwapelekea mafundi majibu, wao wakanitajia bei. Na aliyelikaba koo gari langu nilikuwa mimi, kwa utunzaji wangu mwenyewe. Kwenu wenye magari yaliyozeeka: andikeni gari lilifanya nini, saa ngapi na wapi. Jina la ugonjwa liacheni kwa fundi, naye alithibitishe mbele ya macho yenu, hata kama itabidi mpigiwe honi na mji mzima.

Ngara, mchana. Mtungi wa gesi ulikuwa tayari umeteremshwa uani, na mnunuzi amevaa miwani yake ya kukatia. Deo alisimama kati yetu.

"Imefika," alisema, kana kwamba anamtolea mnunuzi ushahidi.

"Imepanda hata mlima wa Kacyiru," nilisema. Sikuzima injini. Nikateremsha ubao wa nyuma, nikaanza kupakia miche, trei kwa trei, wao wakinitazama. Ilipojaa nilimgeukia mnunuzi, nikamwomba asogeze lori lake, kwa maana lilikuwa limeziba geti.