Jina Yangu, na Y na H

Muke ya mwana wangu, mukwe wangu, alipomaliza kuzaa, mwana wangu akanipigia simu: "Mama, mutoto ni mwanamuke. Tulimupa jina yako." Nikapiga kelele ya furaha mupaka jirani akatoka nje. Neema, jina yangu! Nilingojea hiyo siku tangu alipooa.

Kwetu, bantu ba kaskazini ya Katanga, jina haipewe hivi hivi tu. Mutoto mwenye kubeba jina ya nkambo yake, mama ya baba yake, ni nkambo mwenyewe. Baba anamuita mama. Hawezi kumuchapa hata kidogo, maana nani anachapa mama yake? Na nkambo naye analeta kikwembe, kitambaa ya kumubebea, kusema: nimekubali, ni mimi. Ukikufa, ungali muzima katika nyumba ya mwana wako.

Nikaenda soko, nikachagua kikwembe ya kijani, nzuri kabisa. Kutoka kwangu Ruashi mupaka kwao nilikuwa ninacheka peke yangu. Kufika, nakuta nani? Mama ya mukwe wangu, ameketi karibu na kitanda, naye na kikwembe mupya juu ya magoti. Ni mama wa asili ya Kasai, mufanyabiashara, tunapatana. Nilisahau kabisa kama naye anaitwa Neema!

"Sasa uyu mutoto anabeba jina ya nani?" nikauliza mwana wangu.

"Yenu nyote wawili, mama. Njo maana tunaiandika Neymah, na y na h. Iko moderne, ya kisasa. Hakuna mwenye atakasirika."

Ee Mungu wangu! Na ile h kule mwisho, inafanya kazi gani? Nikiwaza hivi, mutoto ni mimi. Nikiwaza vile, si mimi, si mwenzangu, ni muntu sijui wa wapi. Mwenzangu akakunjua kikwembe yake, nami yangu. Tukaacha vikwembe vyote. Moja bakamulaza juu yake, ingine bakamufunika.

Tangu hapo kichwa yangu haikutulia. Nikienda kwao, ninatega sikio: leo mwana wangu atamuita mama? Anamuita bébé. Siku moja nikamuambia, "Lakini muite mama." Akacheka: "Uyu akiwa mama, weye utakuwa nani?"

Juzi nilikuwa kwao tena. Mutoto sasa anatembea. Mukwe wangu alikuwa anapika bukari, ugali yetu, nje, juu ya mbabula, makaa mekundu. Mutoto akanyoosha mukono kwenye moto. Baba yake akaruka, akamuvuta, akamuchapa ule mukono: pa!

Nikasimama. "Unachapa mama yako?"

"Mama, angeungua! Uyu ni mutoto tu."

Alikuwa na haki, sikatai. Mutoto akakimbia kwangu na machozi, akaficha uso katika magoti yangu. Nikamubembeleza, nikamupulizia mukono. Lakini niliumia, bantu, niliumia sana. Basi mimi nikikufa, nitakuwa nimekufa.