Anayeandika Walionusurika

Bwana wa barabara, ndivyo tunavyomwita hapa Maili Moja, hukaa na daftari lake karibu na meza yangu ya maandazi tangu asubuhi hadi jua liwe kali. Breki zikilia, sisi wote hutazama gari. Yeye hutazama miguu ya anayevuka, kisha huandika polepole, akikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Nilimuuliza kwa nini asichukue tu hesabu za polisi. Akanijibu bila kuinua macho, "Hizo ni za waliokwisha kugongwa, mama. Mimi kivuko cha waenda kwa miguu nakitaka kabla hawajagongwa."

Jumamosi aliliacha daftari mezani akaenda msalani, nami nikalisoma. Saa, aina ya gari, mtu alivyovuka. Ukurasa mmoja ulikuwa wa mtu mmoja. Mama wa ndoo ya bluu, Jumatatu, bodaboda, amenusurika. Jumatano, mara mbili. Ijumaa, lori, limemkosa kwa hatua moja. Katika hizo nne, mimi nilikuwa nakumbuka moja tu. Ndoo ya bluu ilikuwa miguuni pangu, tupu, na bomba la maji liko ng'ambo ya barabara.