Picha ya Mzee wa Saa

Mpiga pasi wa dobi alikuwa amebakiza mashati kumi na saba mezani, jirani yake alipompigia simu kumwambia kwamba baba yake haonekani. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Jirani huyo, aliyekuwa akimwangalia mzee, aliingia jikoni kuinjika chai, na alipotoka akakuta mlango wa uani uko wazi.

Mtaani baba huyo aliitwa Mzee wa Saa. Alitengeneza saa za mkononi kwa miaka arobaini, mpaka macho yakachoka, na baada ya macho kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, anatania, anamwita binti yake "mkuu wa moto" kwa ajili ya ile pasi. Siku nyingine alivaa koti na kusema anachelewa kazini.

Walimtafuta mpaka giza likaingia. Kesho yake asubuhi mpiga pasi alikuwa kituo cha polisi. Askari wa zamu, mama mmoja mpole, aliandika yote: umri, urefu, koti la kijivu. Kisha akasema, "Nitumie picha yake ya karibuni, tuisambaze hospitali na vituo vyote."

"Ninayo," mpiga pasi akajibu, akafungua simu.

Hakuwa nayo. Simu ile ilikuwa na miezi mitatu tu. Siku alipoinunua, fundi alimuuliza kama amhamishie na picha kutoka ile ya zamani. Alikuwa na haraka ya kuwahi kazini, akamwambia namba za watu zinatosha, picha atazirudia. Ile ya zamani ikalala kwenye droo mpaka ikagoma kuwaka. Katika hii mpya alikuwa amejaza picha za mashati ya wateja yenye madoa, asije akasingiziwa, na picha ya pazia alilolitamani dukani. Ya baba, hata moja. Alipandisha kidole, akakishusha, akapandisha tena, macho ya askari yakimtazama.

"Taratibu, dada," askari akasema. "Ndugu zako hawana?"

Aliandika kwenye kundi la familia: "Jamani, mwenye picha ya baba ya mwaka huu aitume sasa hivi." Zikamiminika. Baba kijana, ndevu nyeusi. Baba wa miaka kumi na miwili iliyopita, mashavu yamejaa, asiyefanana hata kidogo na mzee aliyekonda aliyetoka mlangoni jana. Binamu mmoja akatuma ya harusini, yenye bega la baba na nusu ya sikio. Wengine wakatuma vikatuni vya pole. Mpiga pasi alitamani kuibamiza simu ukutani.

Akampigia kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali. "Kaka, zile picha za baba nilizokuwa nakutumia kila Jumapili kwa ile simu ya zamani, nirudishie."

"Simu ilijaa. Nilifuta."

"Zote?"

"Nilijua wewe unazo," akasema. "Nilijua unazo."

Mpiga pasi akakata simu. Hata yeye alikuwa amejua hivyo hivyo, kwamba kaka anazo.

Mchana alikwenda kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa na picha moja, lakini simu yake haikuwa na intaneti, wakaziweka simu mbili ubavu kwa ubavu mezani, washa bluetooth, zima, washa tena. Ilipofika, ilikuwa picha ya mzee akigeuka mlangoni, uso umevurugika kama uliopitishiwa kitambaa kibichi.

"Hakutaka kutulia," shangazi akasema, machozi yakimlenga. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, mwenye picha ni wifi yako. Kila mwezi nilikuwa nampeleka baba yako kwake kunyolewa. Sikuwaambia, maana mngekasirika."

Wifi huyo alikuwa kinyozi, mke aliyeachana na kaka miaka miwili nyuma. Kaka alipotaka aondolewe kwenye kundi la familia, aliyemwondoa alikuwa mpiga pasi, bila hata neno la kwaheri. Namba yake aliifuta siku ile ile, na shangazi hakuwa nayo. Alichojua ni saluni tu, na walipofika jioni ile walikuta imefungwa. Usiku huo mpiga pasi hakupata usingizi.

Jumatano asubuhi alirudi saluni. Wifi alikuwa ameshaanza na mteja wa kwanza. Aliposikia, alizima mashine, mteja akabaki na kichwa nusu shamba nusu uwanja.

"Tangu lini?"

"Juzi asubuhi."

"Juzi. Na mimi nasikia leo."

"Wifi, nitakuomba radhi kwa magoti, lakini baadaye. Una picha yake?"

Alikuwa nazo thelathini na kitu. Kila akimaliza kunyolewa, mzee alitaka kuona kisogo chake, kwa hiyo wifi alimpiga mbele, ubavuni na nyuma. Ya mwisho ilikuwa na siku kumi na moja. Uso wote ulionekana, safi, macho yakitazama sawasawa.

Wakaituma kwa askari, kwa ndugu, kwa wateja. Yule wa kichwa nusu, dereva wa teksi, akawatumia madereva wenzake wote. Saa saba mchana muuguzi mmoja akapiga simu. Jumatatu jioni wasamaria walileta mzee aliyegongwa na pikipiki, na kitandani kwake paliandikwa "Hajulikani".

"Nadhani ni huyu," akasema. "Njooni haraka."

Ndiye. Nyonga imevunjika, kifua kinakoroma, macho ameyafumba. Daktari aliuliza kama alikuwa anatumia dawa, na mpiga pasi alipozitaja za moyo, daktari akavua miwani. "Siku mbili hizi hakuzipata," akasema.

Mpiga pasi akakaa chini sakafuni, pale pale.

Kaka alifika Ijumaa, begi bado liko begani. Alimkuta aliyekuwa mkewe akimlowesha mzee midomo kwa pamba, naye kaka hakujua asimame wapi.

"Anasikia?" akauliza.

"Hatujui," wifi akajibu, akampisha. "Ongea naye."

Kaka akainama, akamwita baba yake mara tatu. Mzee hakufumbua macho. Alifariki Jumapili mchana, wote watatu wakiwa pale, mpiga pasi akimsugua mguu uliokuwa unazidi kupoa.