Studio Isiyokanyagwa

Aliyemsalimia Mama Dekio asubuhi kwenye korido za chuo kikubwa hakurudia kesho yake. Aliitikia, ndiyo, lakini kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya dekio lake la kupigia deki sakafu, na hakuna aliyemuuliza kama analitaka. Yeye naye hakuwauliza kama wanapenda kuambiwa wanatembea kama ng'ombe waliokosa zizi.

Shule hakuijua. Baba yake aliwapeleka wavulana, yeye akaachiwa ndoo na wadogo wa kubeba mgongoni. Aliolewa, akafiwa na mume binti yao akiwa bado anajifunza kutembea. Miaka ikapita ya kufulia watu, mpaka kaka wa marehemu, aliyekuwa karani wa vifaa pale chuoni, akamtafutia kazi ya usafi. Kwa miaka tisa Karani alimkumbusha fadhila hiyo kwenye kila harusi na kila msiba, watu wakiwa wanasikia.

Lakini uchafu aliusoma vizuri kuliko wengi wanavyosoma gazeti. Mpe chumba akifagie mara moja, atakwambia nani anafanya kazi mle na nani anasinzia. Mkuu wa idara alimjua kwa mafuta ya nywele yaliyopaka ukuta nyuma ya kiti. Maktaba aliijua kwa meza mbili zilizochakaa na thelathini zilizong'aa.

Mwaka huo binti yake alimaliza sekondari, akapata barua mbili, kila moja na fomu yake. Vyuo viwili vilimkubali kusoma utengenezaji wa filamu. Kimoja ni hicho kikubwa, chenye geti la herufi za dhahabu. Kingine ni kidogo, wanafunzi wake hawafiki sitini, kimejibanza katika karakana ya zamani ya useremala. Kati ya fomu hizo, moja tu ilitakiwa kurudishwa ikiwa na saini ya mlezi kabla ya Ijumaa jioni.

Jumapili Karani akaja na dada yake, na kalamu ikiwa tayari mfukoni. Akakalia kiti pekee chenye mto.

"Hapa hakuna mjadala," alisema. "Mtoto wa ndugu yangu anaingia chuo chenye jina. Kile kingine ni banda."

"Umewahi kufika?" Mama Dekio aliuliza.

"Nikafuate nini?"

"Basi mimi studio yenu naisafisha kila siku, shemeji. Taa zake mpaka leo zina nailoni ya dukani."

Wifi akapiga kofi mapaja yake. "Jamani, tumepata profesa! Wifi yangu, wewe filamu unazijulia wapi? Televisheni yenyewe unaizima kwa kuchomoa waya."

"Yangu inazimika, wifi. Ya kwako inapiga kelele kutwa, ndiyo maana husikii majirani wanavyokusema."

Karani akainua mkono kama askari wa barabarani. "Shemeji, sema tu una kinyongo. Tangu ile habari ya betri hujawahi kuwa mtu."

Kinyongo alikuwa nacho, tena kimenona. Mwaka mmoja nyuma betri ya kamera ilipotea, na kabla ya saa sita walikuwa wameamua nani mwizi. Walimsimamisha getini, mfuko wake ukamwagwa juu ya meza ya mlinzi: sapatu, bakuli la chakula, chupa ya chai, nguo yake ya ndani ya kubadilisha. Wanafunzi walicheka. Mmoja alipiga picha. Mama Dekio aliinua macho kuomba msaada, akamwona Karani dirishani ghorofa ya kwanza, anamtazama. Kisha Karani akavuta pazia. Siku tatu baadaye betri ilionekana kwenye mtoto wa meza wa mwalimu mmoja. Hakuna aliyerudi kusema hata pole.

"Fomu iko wapi?" Karani aliuliza. Binti akampa. Akatia saini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukatambaa mpaka ukingoni. "Ijumaa uilete mwenyewe, mwanangu."

Walipoondoka, Mama Dekio alimgeukia binti. "Na wewe umekaa kimya kama kiazi."

"Mama, nikitaja chuo kile kila mtu anakijua. Nikitaja hicho kingine wananiuliza kiko wapi."

"Na studio haitumiki."

"Unasema wewe! Yaani nikose chuo kizuri kwa sababu walikupekua?"

Mama Dekio aliinuka. Alikwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumanne alipotoka kazini alikwenda kwenye karakana. Hakusema ana mtoto, alisema anatafuta kazi ya usafi. Mwalimu mmoja aliyevaa ovaroli alimjibu bila kuacha kukaza skrubu ya taa, "Hatuna msafishaji, mama. Tunafagia wenyewe."

"Naona," alisema, kwa sababu palikuwa hapajafagiliwa sawasawa.

Alisimama akasoma. Sakafu ilikuwa na alama za gundi ya utepe, mpya juu ya kuukuu. Nyaya zilikuwa zimeungwa zikaungwa tena. Begi la kamera lilikuwa limechakaa pembe, na mkanda wake umekuwa mweusi kwa jasho la mabega. Pipa la taka lilijaa karatasi zilizoandikwa, zikakatwa, zikaandikwa upya. Akiwa bado anashangaa, msichana mmoja akamfokea kutoka nyuma ya kamera:

"We mama, toka hapo mbele! Umetuharibia picha mara ya pili!"

Akatoka. Maisha yake yote alikuwa amefukuzwa na watu wasio na shughuli. Huyu alikuwa na kazi. Mama Dekio akarudi nyumbani karibu atabasamu, lakini hakumwambia binti kitu. Angesema nini? Kwamba chuo ni kizuri kwa kuwa ni kichafu?

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri alimvuta shuka. "Amka. Mgongo unaniuma, utanisaidia kazi."

Binti alikwenda akinung'unika njia nzima. Mama alifungua studio, akamtupia tambara. "Futa. Usiache hata kimoja."

Binti akaanza na kamera. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kama unga, maana wasafishaji walikatazwa kuigusa. Akaondoa kifuniko cha lenzi, akakuta karatasi ya kiwandani bado imebandikwa kwenye kioo. Akafuta taa, nailoni ikalia chini ya vidole vyake. Miguu ya viti ilikuwa bado imefungwa kwa makaratasi. Manung'uniko yakaisha taratibu, akawa anagusa kitu na kumtazama mama yake, anagusa kingine na kumtazama.

Kwenye rafu palikuwa na daftari limefungwa kwa kamba. "Hilo nalo," mama alisema. "Kila siku nalifuta."

Binti akalifuta, akalifungua. "Ni la kuazimia vifaa. Mama, kwa miaka miwili kamera zimetoka mara nne. Zote kwa ajili ya wageni rasmi." Akafunua tena. Kidole chake kikasimama. "Ile betri ilipotea lini?"

"Siku waliyonimwagia mfuko. Wiki ya mitihani."

"Imeandikwa hapa. Mwalimu aliichukua siku moja kabla. Na aliyemkabidhi ametia saini."

Hakuhitaji kumwambia ni nani. Ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho hata asiyesoma aliutambua. Mwaka mzima Mama Dekio alikuwa amepangusa vumbi juu ya usafi wake mwenyewe, kila asubuhi, kwa tambara.

Mlango ukasukumwa. "Nani amemruhusu mtoto humu?" Karani aliuliza. Kisha akaliona daftari.

"Ulijua, baba mkubwa," binti alisema.

"Ningemtaja yule mwalimu ningekuwa wapi leo? Shemeji, elewa, nina watoto..."

"Mimi nilikuwa na nini, shemeji? Kuku?"

"Tuyaongee nyumbani."

"Nyumbani kwangu hukanyagi tena. Hata nikifa, kaa na pazia lako."

Binti akatoa fomu zote mbili kwenye mkoba, akaichana ile yenye saini ya mbwembwe vipande viwili na kuviweka juu ya kamera. "Banda linanifaa," alisema.

Mama Dekio akaacha ndoo katikati ya studio, maji machafu ndani. Walipofika getini, mlinzi hakuwaambia wasimame. Mama Dekio alisimama mwenyewe. Akamwaga mfuko wake wote juu ya meza: sapatu, bakuli, chupa ya chai, na juu ya vyote rundo la funguo za chuo.

"Mama Dekio, vipi tena?"

"Pekua."

"Hakuna aliyekuambia..."

"Nimekwambia pekua, baba. Funguo ni zenu, hesabu vizuri."

Wanafunzi wa asubuhi walianza kujaa. Safari hii hakuna aliyecheka, maana binti alisimama kando ya meza akiwakazia macho mmoja mmoja. Fomu ya karakana ilikuwa mkononi mwake, na nafasi ya mlezi ilikuwa wazi, ikisubiri dole gumba la mama yake.

Ghorofa ya kwanza, Karani alikuwa amesimama dirishani. Mama Dekio akamtazama bila kupepesa, akasubiri mpaka pazia likavutwa. Ndipo akaanza kurudisha vitu vyake mfukoni, kimoja kimoja, bila haraka.