Alimcheka mama kwa jina la simu, sasa anataka nimnyamazishe

Admin, ficha jina langu, maana kwetu Manga habari hukimbia kuliko bodaboda. Mimi ni dada wa miaka 28, nauza simu kwenye duka moja Kisii mjini. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mwaka jana mke wa kaka yangu alimletea mama simu mpya. Huyu mwanamke ni Mkisii kama sisi, baba yake ni wa Ikonge, ila amelelewa Nairobi na Ekegusii hajui hata salamu. Sabato iliyofuata mama alisimama kanisani kutoa shukrani. Kulikuwa na wageni, kwa hivyo alizungumza Kiswahili. Akainua simu juu, akataja jina la kampuni, ile kubwa mnayoijua wote, vile wazee wa huku wanavyolitaja, R ikikaa mahali pa L. Kanisa likasema amina. Kumbe wifi yangu alikuwa benchi la nyuma anarekodi.

Jioni akatuma video kwenye kundi la familia. Hapa nakiri kosa langu: nami nilicheka. Niliweka hata vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, nikidhani ni utani wa nyumbani. Kesho yake nikaikuta mtandaoni, imeandikwa, "Mother-in-law na simu yake, skizeni mpaka mwisho." Watu wasiomjua mama walikuwa wanauliza huyu bibi ametolewa pango gani.

Jirani alimtumia mama video hiyo, akaitazama kwenye simu ileile aliyoishukuru. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kwani niliongea vibaya?"

Mama yangu amefundisha Shule ya Sabato tangu nikiwa mdogo. Tangu siku hiyo hafundishi. Akiombwa anasema koo linamuuma. Koo gani la kuuma miezi saba?

Nilimpigia wifi nikamwambia aifute. Akacheka. "Haki mbona mko serious hivyo? Si ni jokes tu! Na si ni ukweli hakusema vizuri?" Kaka yangu alikuwa hapo kando yake, nikamsikia akikohoa, basi. Mwanamume mzima!

Nilimsimulia bosi wangu dukani, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Kisii na anaongea Ekegusii kunishinda. Akaniambia, "Wenye kampuni huko kwao hawalitaji jina hilo kama sisi. Mama yako amekosea, Nairobi nayo imekosea. Mimi nimeuza hizo simu miaka mingi, hakuna hata moja iliyokataa kuwaka." Kwa hivyo hata huyo malkia wa matamshi hajui anachokisema.

Sasa wamepata mtoto. Wamempa jina refu la kizungu lenye L mbili na V, na mama hawezi herufi hizo, maana Ekegusii haina. Mwezi uliopita walimleta nyumbani. Mama alimpakata siku nzima akimwita omwana, yaani mtoto, omwana tu, hakuthubutu kutaja jina.

Sabato ya mwisho wa mwezi huu mtoto atawekwa wakfu kanisani kwetu. Desturi yetu ni kwamba nyanya mzaa baba ndiye humshika mtoto mbele ya kanisa na kumtaja jina. Wifi amenipigia: "Simama wewe badala ya mathe. Utalisema poa. Wenzangu wa ofisi watakuja, sitaki aibu." Aibu! Aibu ni yeye!

Nami nina video yake, akijaribu kumwamkua nyanya yetu kwa Ekegusii hadi watoto wa jirani wakaanguka kwa kicheko. Kidole kinaniwasha niiweke mtandaoni leo. Lakini nikikumbuka vile vikatuni nilivyoweka, najiuliza nitakuwa na tofauti gani naye.

Jana nilirudi mapema nikamkuta mama jikoni peke yake, anamenya ndizi na kulitaja jina la mjukuu wake polepole, tena na tena, akikosea na kuanza upya. Aliponiona alinyamaza, akajifanya anachochea moto.

Nikisimama mimi, nitakuwa nimemziba mama mdomo kwa mkono wangu. Akisimama yeye, simu zitainuliwa tena kumrekodi. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje?