Golikipa Aliyepakwa Mafuta

Kazini walimwita Jicho, naye akalipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo. Nyumbani mkewe alikuwa na maoni yake: sufuria chafu mbele ya pua haioni, lakini mpe kadi ya mchezaji mpira ya miaka hamsini iliyopita, ataona mkwaruzo mwembamba kuliko unywele wa kichanga.

Na ndiyo kazi aliyolipiwa mshahara. Watu wazima, wenye ndevu na ndoa zao, walimletea kadi zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za peremende enzi za utoto wao. Jicho aliziinamisha chini ya taa, akazipa alama, moja hadi kumi, kisha zikafungiwa kwenye kikasha cha plastiki zisiguswe tena na binadamu. Vumbi likipanguswa kwa kitambaa kikavu, ruksa. Alama ya kidole ya juu juu, ruksa. Lakini ukipaka nta, ukipiga pasi mkunjo, ukipitisha kalamu kwenye kingo zilizochubuka, hapo hujasafisha, umebadilisha uso. Alama huna. Unapewa kibandiko tu: "Halisi. Uso umebadilishwa." Wateja walilia. Mmoja aliapa kwa watoto wake kwamba kadi ilijing'arisha yenyewe. Jicho alimtazama kwa huruma yote ya daktari wa meno.

Basi siku moja, saa nne asubuhi, akaingia mama mkwe.

Alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Akafungua mkoba, ndani ya mkoba leso, ndani ya leso mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, marehemu mumewe: golikipa, jezi ya kijani, mikono mbele, bado anangoja mpira.

"Nipe alama, baba," alisema. "Wifi yangu naye ana kadi ya huyu huyu, kapewa nane. Kila nikienda kwake, nane hiyo ipo ukutani, taa imeelekezwa. Kaka yake nimeishi naye mimi miaka thelathini na mmoja, halafu nane apate yeye!"

"Tutaangalia, mama."

"Usiangalie sana. Andika tisa, nikaendelee na mambo yangu."

Mwanaume hamwambii mama mkwe hapana, anakohoa. Jicho akakohoa. Akaiinamisha kadi chini ya taa, ikang'aa kama paji la mgombea jukwaani.

"Mama, umeipaka kitu?"

"Kitu gani? Naisafisha tu. Kila Ijumaa, tone moja la mafuta ya watoto. Hayana hata harufu."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike."

Walimzika miaka tisa iliyopita. Jicho alianza kuhesabu Ijumaa, akaacha.

Alimwomba akakae kwenye benchi la wateja, kisha akapangusa kwa kitambaa kikavu, kama inavyoruhusiwa. Mafuta ya juu yakatoka. Ya ndani yalikuwa yameshahamia na mizigo yao: kijani cha jezi kimekuwa cheusi, kingo zimevimba. Rafuni palikuwa na chupa ya dawa ya kutolea gundi kwenye vioo. Matone mawili na pamba, basi. Nani angejua? Jicho la ofisi ile lilikuwa yeye mwenyewe. Akajiambia kwamba hata hiyo ni kusafisha tu. Ajabu ya Mungu, yule mteja wa kuapa naye alianza hivyo hivyo.

Akafungua kizibo. Halafu akapitisha lenzi mara moja zaidi, akaliona shavu la kushoto. Wino ulikuwa umelika hapo, upana wa kidole gumba, kushuka hadi kidevuni, vile unavyompangusa mtoto aliyemaliza kula. Dawa ingeondoka na shavu lote. Akafunga chupa, akaenda kwenye benchi.

"Mama, sina alama ya kukupa."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ni yeye kabisa, halisi. Ila uso umebadilishwa."

"Na nani?"

Jicho akakohoa.

"Na mimi. Sema tu, mwanangu, hutakufa." Alikunja leso, akaikunjua. "Na ile ya wifi, nane ilitoka wapi?"

"Haikuguswa, mama. Ilikaa ndani ya kitabu, ikasahaulika."

"Ikasahaulika." Alilirudia neno hilo kama anayeonja chumvi. "Mliandika hivyo?"

"Hapana. Tuliandika nane tu."

"Basi mimi niandikie yote. Si pana nafasi ya sababu?"

Kwenye kibandiko ulikuwepo mstari mmoja, ambapo Jicho huandika "nta" au "rangi" bila kupepesa. Safari hii kalamu ilisita, ndipo akaandika yote: Mafuta. Miaka tisa. Mkewe.

Mama mkwe alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kikasha alichosogezewa akakirudisha mezani.

"Hicho baki nacho. Ijumaa nitampakaje humo ndani?" Akasimama, kibandiko mkononi, kichwa juu. "Mwambie mkeo nitachelewa kufika kwenu. Napitia kwa wifi kwanza."